Ng'ombe Waliokula Mafua ya Kijiji

Nilipokuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, mafua ya nyumbani kwetu yalikuwa na miguu. Yalifika kwa njia fulani, yakakaa kwa mtu kama mgeni asiyejua kuaga, na siku ya kuondoka yalishika njia nyingine kwenda kwa mtu mwingine. Bibi yangu, mama yake baba, alilijua jambo hili kama alivyoijua sala ya Baba Yetu, na aliyaamini yote mawili kwa kiasi kilekile.

"Mafua hayafi, Minza," alikuwa akiniambia huku akinifuta pua kwa pindo la kanga yake. "Yanahama. Kazi yako ni kuyaonyesha mlango."

Mlango wenyewe ulikuwa njia panda. Kwanza mgonjwa alifukizwa. Bibi alichemsha chungu cha majani, kivumbasi na mchaichai na mpera, akatia bonge la magadi na chumvi ya kutosha, kisha akakufunika wewe na chungu chako ndani ya blanketi zito mpaka uanze kulia. Mimi nililia mapema kuliko wengine, kwa kuwa kila mara niliogopa kwamba safari hii watasahau kunifunua. Majani yaliyobaki chunguni ndiyo yaliyokuwa yamebeba mafua. Alfajiri, kabla hujamwamkia mtu yeyote, uliyapeleka njia panda, ukayamwaga katikati, ukarudi bila kutazama nyuma. Wa kwanza kuyavuka aliondoka nayo. Kwa hiyo sisi watoto tulilelewa kutembea tukitazama chini, na hadi leo huwa najua viatu vya watu kabla sijajua sura zao.

Zamani, nikiwa sijazaliwa, utaratibu huu haukumsumbua mtu. Kila ukoo uliishi mahali pake na ulikuwa na njia panda yake huko porini. Babu alisema fisi wa enzi hizo walikuwa na mafua mwaka mzima. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu wakapangwa kwa mistari kama matuta ya viazi, kila nyumba na ua wake wa minyaa. Afisa aliyekichora kijiji chetu, huko Bukombe, alifikiria shule, akafikiria kisima, ofisi na ghala la pamba. Mafua hayakumjia akilini. Alitupa njia panda moja.

Nyumba zote zilikuwa upande mmoja wa njia panda hiyo. Ukitaka maji, uivuke. Ukitaka kuuza pamba, uivuke. Ukitaka shule, ofisi ya kijiji, au barabara ya Ushirombo ambako kulikuwa na misheni, uivuke. Aliyetuokoa kwa miaka kadhaa ni dereva wa lori la pamba. Alikuja kila asubuhi wakati wa msimu, hakuwa na ukoo kijijini, alipita njia panda kwa kasi bila kutazama kitu, na akaenda zake na chochote alichokivuka. Maskini yule mtu alikuwa na mafua ya kudumu. Mwenyewe aliyalaumu mavumbi.

Mwaka ninaousimulia, mafua yalikuja baada ya mavuno ya pamba, wakati upepo wa kiangazi unapoinua vumbi jekundu na asubuhi zinakuwa na baridi ya kushangaza. Kila mwaka mafua yalipewa jina. Ya mwaka ule yaliitwa Mgambo, kwa sababu yalipita nyumba kwa nyumba na hayakumwacha mtu. Kwa Mama Tereza, jirani yetu, walikohoa kuanzia mtoto wa mgongoni mpaka mama mkwe. Kwetu tulikuwa wanne tu, Babu, Bibi, shangazi yangu Kabula na mimi, maana baba na mama walikuwa Shinyanga mjini kwa kazi ya baba. Tulikohoa wote wanne, tena kwa kupokezana, kama kwaya inayojaribu sauti.

Na wakati tunakohoa hivyo, wakwe walikuwa njiani wakija.

Hapa lazima nieleze vizuri, kwa sababu bila jambo hili mengine yote yataonekana ni upuuzi. Siku zile watu wa kwetu, kabla ya kuoa au kuoza, waliulizia kifua. Kifua maana yake kifua kikuu, na kila ukoo ulikuwa umemzika mtu aliyeanza kwa kukohoa kidogokidogo. Nyumba yenye kifua haikuolewa. Hakuna aliyekuambia usoni. Walikula, walishukuru, walikwenda. Shangazi Kabula alikuwa amekwisha kupata mchumba mmoja kutoka upande wa Kahama. Ujumbe ulikuja, ukakaribishwa, na katikati ya chakula Babu, aliyekuwa akivuta tumbaku ya kulima mwenyewe kwa kiko, akakohoa kikohozi kimoja kirefu chenye milima na mabonde. Wageni walimaliza kuku wao. Hatukuwaona tena.

Tangu hapo wenzake Kabula walikuwa wameolewa mmoja mmoja, wengine wanarudi kusalimia na watoto wawili. Yeye alibaki akinisuka nywele kwa hasira. Kisha akatokea Maganga, kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli za wachimba dhahabu upande wa Geita, ambaye walionana kwenye sikukuu ya misheni. Kwamba shangazi alimpenda nililijua mapema, kwa sababu aliacha kunipiga kwa sega.

Mshenga wa akina Maganga, Mzee Masanja, alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya pama na maneno machache. Mwezi mmoja nyuma alipita kijijini akijifanya anatafuta mbegu za karanga, akamuuliza Mama Tereza, "Nyumba ile ya jirani, usiku inalalaje?"

"Inalala kama maji ya mtungini," Mama Tereza alimjibu. Siku ile ilikuwa kweli. Mgambo alikuwa hajafika.

Sasa Mgambo alikuwa ndani, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi na ng'ombe wa mahari.

Ijumaa jioni Bibi alitufukiza wote. Alianza na Babu, aliyelalamika ndani ya blanketi kwamba amechemshwa kama muhogo. Akafuata Kabula, ambaye hakulalamika hata kidogo. Nakumbuka sauti yake kutoka ndani ya mvuke ikisema, "Ongeza maji, mama. Ongeza." Alitoka amekuwa mwekundu machoni, jasho linamtiririka, akanyoosha shingo, akavuta pumzi ndefu kuijaribu. Akakohoa. Akarudi ndani ya blanketi bila kuambiwa.

Alfajiri ya Jumamosi Bibi alinichukua twende kumwaga, maana mtoto alitakiwa awepo mafua yake yakiagwa. Tulienda kimya, Bibi na karai kichwani, mimi na wasiwasi wangu wa kawaida kwamba nitatazama nyuma kwa bahati mbaya. Tulipofika njia panda Bibi alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akizungumza kabla ya kumwaga.

"Mama yangu."

Njia panda haikuonekana. Palikuwa na kilima cha majani, mengine yanatoa mvuke bado. Kila nyumba ilikuwa imefukizana usiku ule na kila nyumba ilikuwa imeamka mapema kuliko sisi. Mama Tereza alikuwa palepale na beseni tupu kiunoni.

"Na wewe, Mama Kabula?" alisema. "Nilidhani nyumba yako inalala kama maji ya mtungini."

"Maji ya mtungini nayo hupata vumbi," alijibu Bibi, akamwaga yake juu ya ya wenzake. "Lori litapita."

"Litapita," alikubali Mama Tereza, akajikaza asikohoe.

Lori halikupita. Baadaye tulisikia lilikosa dizeli, lakini asubuhi ile hatukujua sababu. Tulijua tu kwamba jua limepanda, mitungi haina maji, na kati yetu na kisima kuna mafua ya kijiji kizima yamerundikana yakisubiri mguu wa kwanza. Watu walisogea mpaka karibu, wakasimama. Wengine walipita katikati ya mashamba ya pamba kwenda kisimani, wakarudi wamechanika miguu, na ndoo nusu. Mtoto wa Mama Tereza alijaribu kuruka kwa kukimbia, mama yake akamdaka hewani kwa kaptula.

Mwenyekiti wa kijiji alifika akitokea nyumbani kwake, akiwa ameshika kalamu na amevaa raba nyeupe, akielekea ofisini. Alikuwa mtu aliyeipenda Serikali kama wengine wanavyompenda mjomba.

"Hizi ni imani potofu!" alitangaza. "Mafua ni vijidudu! Serikali imeshatueleza! Ondoeni takataka hizi barabarani!"

"Vijidudu vyenyewe ndivyo hivyo, Mwenyekiti," alisema mzee mmoja. "Tumevirundika."

"Majani ya mchemsho hayana kitu!"

"Basi vuka, Mwenyekiti," alisema Mama Tereza kwa upole. "Tangulia tu. Na yale ya mkeo yamo, kwa hiyo si kwamba unaingia ugenini."

Mwenyekiti aliinua raba moja. Watu wote wakaitazama ile raba. Ikakaa hewani kwa muda ambao ulitosha kwa mtu kufikiri, kisha ikashuka ilipotoka.

"Nimesahau mhuri nyumbani," alisema, akarudi. Mhuri, kama alivyojua kila mtu, ulikuwa ofisini.

Adhuhuri ilipopita ndipo vumbi lilipoinuka upande wa barabara ya Ushirombo. Watu walishangilia wakidhani ni lori. Halikuwa lori. Zilikuwa pembe, halafu fimbo, halafu kofia ya pama.

"Wageni!" alisema Mama Tereza, akapiga ishara ya msalaba. "Bwana amesikia."

"Hao ni wakwe zangu!" Kabula alinong'ona. Alikuwa amejificha nasi nyuma ya minyaa, kwa sababu binti anayeposwa haonekani na wakwe kabla ya wakati wake. Alinishika bega mpaka nikaumia. "Mama! Watavuka! Watapata ya kijiji kizima!"

 Hesabu ilikuwa inazunguka machoni mwa Bibi, na hata mimi niliiona. Wageni wakivuka, wataugua wote kabla ya kufika kwao. Watasema nyumba ile iliyowapa chakula imewapa na kifua. Lakini nani atakwenda kuwazuia, na atawaambia nini? "Simameni, wakwe, tumewatandikia maradhi njiani"? Na mama wa binti mwenyewe hawezi kusimama mbele ya mkwe wake akamtazama uso kwa uso. Ni aibu kubwa kwetu, wanapishana kwa kugeuza vichwa.

"Mtu afanye kitu," alisema Kabula.

Waliofanya kitu ni ng'ombe. Waliokuwa mbele waliinua pua, wakanusa, wakaacha njia yao ya taratibu wakaanza kukimbia. Leo najua ni chumvi. Kulikuwa na chumvi na magadi ya nyumba zote za kijiji katika kilima kile, na ng'ombe walikuwa wamesafiri siku mbili wakila nyasi kavu. Aliyetangulia alikuwa jike mwekundu mwenye kipaji cheupe, mnene, mzuri kuliko wote. Alizamisha mdomo mpaka machoni. Wenzake wakamzunguka. Walikula kivumbasi, wakala mchaichai, wakala mpera, kisha wakaanza kulamba udongo wenyewe, na wachungaji wakiwachapa bila mafanikio. Mzee Masanja na wenziwe walipofika, njia panda ilikuwa tupu na safi kama kiwanja cha misheni siku ya Ekaristi. Wakaivuka kwa heshima zao zote.

Kijiji kililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtoto wa Mama Tereza alikimbia huku na huku juu ya njia panda, na Mwenyekiti alitokea ghafla akielekea ofisini. Wageni walisimama kwa mshangao. Sijui kama kuna ujumbe wa mahari uliowahi kupokewa kwa shangwe namna ile na watu wasio ndugu. Mzee Masanja alivua kofia akapunga.

"Imekwisha," nilisema. "Ng'ombe wameyachukua. Si ndiyo, Bibi?"

"Yule mwekundu ndiye aliyetangulia," alisema Mama Tereza, ambaye alipenda mambo yawe wazi. "Kwato nayo ni mguu. Yeye ndiye mwenye mafua yetu yote."

Bibi akamtazama ng'ombe mwekundu. Ng'ombe alikuwa anageuka taratibu, akiongozwa kwa fimbo, akiielekea njia ya nyumbani kwetu.

"Kabula," alisema Bibi, "mafua ya kijiji yanakuja kwetu. Na safari hii yana pembe."

Tulikimbia kupitia nyuma.

Wageni waliketi uani, Babu mbele yao kwenye kigoda. "Mwadila," walisalimiana kwa Kisukuma, "mwadila," na baada ya hapo hapakuwa na maneno mengi. Niliuona ukimya wao nikadhani ndiyo heshima ya watu wa upande ule. Babu naye hakusema sana. Alikuwa amekunywa asali na kufunga midomo, na mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Maganga aliketi nyuma kabisa ya wenzake, anatazama vidole vyake vya miguu kama inavyompasa. Shangazi alikuwa ndani, amejikunja nyuma ya mlango. Bibi alikuwa ndani pia, na mimi niliegemea ukuta karibu na dirisha dogo, nikiona kote.

Ikafika kazi ya kuwakagua ng'ombe. Kwa desturi yetu upande wa binti una haki ya kumkataa ng'ombe mwenye kilema: kipofu, kiwete, aliyevunjika pembe. Babu alisimama akawapitia mmoja mmoja akiwagusa migongo. Alipofika kwa yule mwekundu, sauti ya Bibi ilitoka ndani, kali na ya wazi.

"Wewe kuku!" Kulikuwa na kuku mmoja anayeatamia kwenye kona, naye akainua kichwa. Bibi hakuweza kusema na wakwe, lakini hakuna desturi inayomkataza mtu kusema na kuku wake. "Wewe kuku, umemwona yule mwekundu? Ningekuwa wewe, nisingelala naye zizi moja!"

Uani wageni waligeuza vichwa kuelekea mlangoni.

"Kuku wa nyumba hii ana maneno," alisema Mzee Masanja.

"Ni wa kienyeji," alisema Babu. Akameza mate. "Mzee mwenzangu, ng'ombe wote tumewapenda. Huyu mwekundu... huyu tunamwona kidogo... ana pembe."

"Ndiyo. Ng'ombe ana pembe."

"Tungependa huyu arudi."

Wageni walitazamana. Mzee Masanja alisimama, na kwa urefu wake ilichukua muda.

"Huyu ndiye aliye mbele ya kundi. Baba yake Maganga alimchagua mwenyewe, akalala njaa siku hiyo kwa kumlilia. Nitajie kilema chake nami nitamrudisha kwa mkono wangu. Lakini kama hana kilema, mnayemrudisha si ng'ombe. Mnamrudisha kijana wetu."

Babu alifungua mdomo, akaufunga haraka, maana kilichokuwa kinakuja hakikuwa neno. Ndani, Bibi alimkazia macho kuku, lakini kuku na yeye hawakuwa na msaada. Kilema hakikuwepo. Kilichokuwepo ni sababu, na sababu haikusemeka: kuisema ni kukiri kwamba nyumba inakohoa na kwamba tulimwaga ugonjwa kwenye njia ya wakwe. Kutoisema ni kumkataa Maganga bure. Nilimtazama Maganga. Alikuwa ameacha kutazama vidole. Alikuwa anatazama mlango.

Mlango ukafunguka. Shangazi Kabula alitoka.

Siwezi kueleza vya kutosha jinsi jambo hilo lilivyokuwa halifanyiki. Bibi aliushika upindo wa kanga ya shangazi, kanga ikabaki mkononi mwake na mwenye kanga akaenda. Kabula alifika katikati ya ua na gauni la ndani la rangi ya bahari na miguu bila viatu. Akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee. Ng'ombe hana kilema," alisema. "Amekula mafua yetu pale njia panda. Nyumba nzima tunaumwa. Kijiji kizima kinaumwa. Jana nilifukizwa mara mbili na bado."

Halafu, mbele ya wakwe, mbele ya ng'ombe, mbele ya Mwenyekiti aliyekuwa anachungulia juu ya minyaa, shangazi yangu akakohoa. Hakuweka mkono mdomoni. Alikohoa kikohozi kizima, kinyevu, cha mafua ya kawaida, akakiacha kiishe chenyewe. Akasubiri.

Mzee Masanja alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulianza kufanya kitu ambacho nilidhani ni hasira. Pua ilipanuka. Macho yalifumba. Mabega yalipanda mpaka masikioni, na alipopiga chafya kofia ya pama ilimtoka kichwani ikaangukia mgongoni kwa ng'ombe mwekundu.

Mjumbe wa pili naye akapiga chafya. Wa tatu akaanza kukohoa akishika mbavu. Nyuma kabisa Maganga aliinama, akakohoa kama mtu anayetua mzigo.

"Tangu jana," alisema Mzee Masanja, akitafuta leso. "Tangu jana tunameza! Tumekuja tunatafuna tangawizi kama mbuzi. Tulisema, wakitusikia tu, binti hatumpati."

Babu, aliyekuwa amevumilia kuliko wote, alikaa kwenye kigoda chake akakohoa. Kilikuwa kile cha siku zote, chenye milima na mabonde, na wageni walikisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Hicho ni cha tumbaku," alieleza Babu, akifuta machozi.

"Kinajulikana," alisema Mzee Masanja. "Baba yake Maganga anacho kama hicho."

Wakacheka. Walicheka kwa vifua vibovu, kwa hiyo walicheka vibaya, wakipigana migongo. Katikati ya kicheko hicho Babu akauliza, kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Na nyinyi yenu mmeyamwaga wapi?"

Mzee Masanja aliokota kofia yake, akaipangusa.

"Asubuhi, wakati tunakaribia. Pale penye mkuyu, njia inapogawanyika kwenda misheni."

"Yesu wangu!" Bibi alisema kutoka ndani, na safari hii hakumwambia kuku. "Na kesho ni Jumapili!"

Babu aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mwekundu. "Hana kilema," alisema. "Ana mafua tu, kama wakwe zake. Aingie."

Jumapili ile kijiji chetu kilikwenda misa kwa kuzunguka mashambani, kikafika kimechelewa, nguo nzuri zimejaa miba na vishada vya pamba. Ng'ombe mwekundu hakupiga chafya hata siku moja. Bibi alisema yamemwingia kwenye maziwa, kwa hiyo maziwa yake ya mwezi wa kwanza alikuwa akimpelekea Mama Tereza, ambaye alishukuru sana kwa ukarimu huo. Kabula aliolewa kabla mvua hazijaanza, na kwenye harusi watu wa pande zote mbili walikuwa wamepona, kwa sababu muda ulikuwa umepita, ingawa hakuna aliyetaja muda kama sababu.

Nimesoma mengi tangu wakati huo, na kazi yangu ya chuo kikuu ilinifundisha kutoandika jambo ambalo sina hakika nalo. Najua mafua huisha yenyewe. Najua pia kwamba hofu ya kifua haikuwa ujinga. Watu walikuwa wamezika, na nyumba iliyokohoa ilitazamwa na jicho lililokwisha kuona kaburi. Hicho ndicho ambacho utotoni sikukielewa. Nilidhani tulikuwa tunakimbia mafua. Tulikuwa tunakimbia kusikika. Nyumba mbili zilikuwa zimejifunga midomo, kila moja ikiamini kwamba ikikohoa itapoteza kitu ambacho haitakipata tena, na Bibi, Babu, Mzee Masanja, watu wazima wenye akili zao, wangeuacha uchumba ule ufe kimyakimya kuliko kufungua mdomo kwanza.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea Shangazi kule Geita. Nilitaka kuhakikisha mambo kadhaa kabla sijaandika: rangi ya gauni, jina la mshenga, kama ng'ombe walikuwa na wachungaji wawili au watatu. Alinijibu yote huku akichambua mchele. Mwisho nikamuuliza lile lililonileta. Nikamwambia kwamba tangu utoto namwona pale amepiga magoti, na kwamba sijapata kuona mtu akifanya jambo la ujasiri kama kile kikohozi.

Alicheka mpaka ungo ukatikisika.

"Ujasiri gani, Minza? Nilikuwa nimekibana tangu asubuhi. Kilitoka chenyewe."

Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, na yeye ndiye shahidi pekee. Lakini nilikuwa pale dirishani, nilimwona akivuta pumzi kwanza. Nimeamua kutomwamini.